Daftari za Magila na Nasaba za Watu wa Tanga

Haimtoshi Mwingereza wa leo kuambiwa kwamba babu wa babu yake alikuwa mkulima wa Norfolk au mvuvi wa Cornwall. Atataka alione jina la mtu huyo limeandikwa kwa wino, siku aliyobatizwa, siku aliyooa na siku aliyozikwa, na jambo ambalo kwetu sisi tuliolelewa kwa kuwauliza wazee ni la kustaajabisha, aghalabu hulipata analolitaka, wala si lazima awe mtoto wa lodi au wa tajiri ndipo alipate. Kitukuu cha mchunga kondoo asiyejua kusoma huweza kuifuata nasaba yake miaka mia tatu nyuma, kwa sababu padri wa kijiji chao, hata kama alikuwa mvivu wa kuhubiri, hakuwa na ruhusa ya kuwa mvivu wa kuandika. Vijana wetu wa Tanga wanaposikia habari hizo huzitazama kama fakhari ya Ulaya isiyotuhusu, na mimi nasema zinatuhusu, kwani desturi hiyo hiyo, kwa mikono ya Waingereza hao hao, iliwekwa Magila katika nchi ya Bonde tangu enzi ya Sayyid Barghash, na wenye jadi ndani yake ni wengi kuliko wanaojua kwamba wamo.

Asili ya desturi yenyewe ilikuwa amri, wala haikuwa mapenzi ya watu kwa wazee wao. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamrisha kila parishi ya Uingereza iwe na daftari, na kila wiki padri aandike humo, mbele ya wazee wa kanisa, majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa, kisha daftari lirudishwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwa padri na wa pili kwa wazee, asiweze mmoja kulifungua pasipo mwenzake. Watu walinung'unika wakidhani kwamba nyuma ya wino ule iko kodi, na dhana yao haikuwa ya bure, maana mwaka 1783 serikali yao ilitoza kweli peni tatu za kwao kwa kila jina lililoandikwa, na kodi hiyo ikadumu takriban miaka kumi kabla ya kufutwa.

Zipo katika taarikhi hiyo amri nyingine kadha wa kadha, na nyingi nazipita, ila moja siwezi kuipita. Mwaka 1598 iliamriwa kuwa daftari za karatasi, ambazo zilikuwa zimeanza kuoza, zinakiliwe upya juu ya ngozi, na kwamba kila mwaka padri atoe nakala ya majina yote na kuipeleka kwa askofu wake. Amri ya kunakili ilikuwa na kasoro, kwa kuwa iliwaruhusu mapadri waanze tangu Malkia Elizabeth aliposhika ufalme mwaka 1558, na wengi wakaishika ruhusa hiyo kwa furaha, wakaziacha kurasa za miaka ishirini ya mwanzo zipotee. Lakini ile nakala ya askofu ndiyo iliyoziokoa nasaba za Waingereza, kwani panya walipolila daftari la kijijini, au kanisa lilipoungua, au maji yalipoingia sandukuni, majina yalibaki mahali pa pili. Nasisitiza neno hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba Waingereza wana nasaba zilizohifadhika kwa kuwa wanawapenda wazee wao kuliko sisi, ilhali siri yao ni kufuli na nakala tu.

Jinsi desturi hiyo ilivyofika kwetu ni habari inayojulikana kwa nusu. Mwaka 1857 David Livingstone aliwahutubia wanachuo wa Cambridge, na kutokana na maneno yake ikazaliwa jumuiya ya UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, ambayo baada ya kushindwa na homa na vita katika bonde la mto Shire ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Mwaka 1868 padri Alington alifungua kazi Magila, katika miaka ile ile Wabondei walipokuwa wakiuvunja utawala wa Wakilindi juu yao, na tangu mwaka 1875 padri John Farler akaikaza kazi ile hata Magila, iliyokuja kuitwa Msalabani, ikawa mama wa mitaa mingi: Umba, Mkuzi, Misozwe, na Korogwe katika nchi ya Wazigua. Mapadri wale walikuwa wamekulia katika parishi za kwao, na wengine baba zao na babu zao walikuwa mapadri. Kwa hiyo haikuwapitia kabisa akilini kubatiza mtu bila kumwandika. Kabla shule haijapata madawati, daftari lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

Basi tuangalie mstari mmoja wa daftari la namna hiyo una nini ndani yake. Mfano uliochapishwa Uingereza tangu mwaka 1813, ambao makanisa ya Kiingereza duniani yaliufuata kwa kuuongeza au kuupunguza, una nafasi ya siku ya ubatizo, jina la mtoto, majina ya baba na ya mama, mahali wanapokaa, kazi ya baba, na sahihi ya padri aliyebatiza. Msomaji ataviona ni vitu vichache, lakini avilinganishe na vile alivyonavyo nyumbani. Nasaba zetu za pwani, zile tunazozisoma kwa fakhari harusini na katika hitima, ni silsila ya wanaume watupu: fulani bin fulani bin fulani, hata afike Shihri, au Omani, au Shirazi. Mama hayumo. Bibi aliyezaa watoto tisa Mtang'ata na kuwalea kwa kulima mpunga hayumo, wala suria hayumo, ingawa nusu ya damu ya ukoo ni yake. Daftari la ubatizo, kwa kuwa liliandikwa na mtu ambaye hakuwa na haja ya kuipamba nasaba ya yeyote, lilimwandika mama kando ya baba, katika mstari mmoja, kwa wino mmoja. Hata kama lisingekuwa na faida nyingine, faida hiyo peke yake ingetosha kulifanya liwe kitu cha thamani kwa mtu yeyote anayetaka kujua alikotoka.

Nayasema haya nami ni Mwislamu, na najua liko swali litakaloulizwa barazani: daftari za kanisa zatuhusu nini sisi? Zatuhusu kwa kuwa ukoo wa Bonde haukugawanyika kwa kisu. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja alikwenda chuoni kusoma juzuu, wa pili akaenda Magila kusoma katekisimu, na watoto wao wakaendelea kuzikana, kuozana na kugombania minazi hata leo. Naye aliyesilimu baada ya kubatizwa, au aliyebatizwa baada ya kusilimu, si mtu wa kutafutwa kwa taa. Mwislamu wa Muheza ambaye hajui jina la mama wa babu yake huenda akalipata katika mstari wa ubatizo wa ndugu wa babu huyo, madhali mama yao ni mmoja.

Tena misheni ile haikuandika Wakristo peke yao. Katika mambo yaliyotoka katika mtambo wa kupiga chapa wa Magila, kubwa kuliko yote kwa mwenye kutafuta jadi ni kitabu alichokiandika Mwislamu: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu aliyewahi kukaa na kutumika kwa Semboja, mtawala wa Mazinde, na aliyezipata habari zake kwa wazee waliokuwa wakizijua. Kilichapishwa kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907, kikaja kupigwa chapa tena mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen, nacho kinaeleza tangu Mbegha, jadi ya Wakilindi, alivyotoka Ngulu na mbwa wake wa kuwinda nguruwe hata kizazi cha Kimweri na wanawe walioivunja nchi kwa kupigania kiti. Hapo pana jambo la kufikiri. Mahali pamoja, chini ya Waingereza wale wale, ziliandikwa nasaba za namna mbili: ile ya watawala, iliyotungwa na fundi wa lugha kwa hadithi na vituko, na ile ya wakulima, iliyoandikwa mstari kwa mstari bila pambo. Ya kwanza tunaisoma na kuisifu, na ni haki yake. Ya pili tumeiacha kabatini, ingawa wengi wetu hatukuzaliwa katika ukoo wa Mbegha.

Atakayezishika daftari hizi lazima awe na hadhari katika majina. Jina la ubatizo lilikuwa la siku ya ubatizo, na mtu aliyeandikwa Petro kanisani huenda nyumbani hakuitwa hivyo hata siku moja, bali kwa jina la babu yake, au kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo ada. Majina yaanzayo na Se- yatampeleka mtafutaji Bonde na Uzigua, na yale ya She- yatampeleka milimani kwa Washambaa, lakini makarani waliyaandika kwa masikio ya kigeni, na ukoo mmoja waweza kupatikana kwa tahajia tatu. Wala mtu asidhani kuwa jina la kizungu ni dalili ya ubatizo. Mwandishi mkuu kuliko wote tuliowapata, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, alikuwa Mwislamu, na ulimwengu mzima unamjua kwa jina la Shaaban Robert.

Sasa nafika katika jambo ambalo watu wa pwani hatupendi kulizungumza mbele ya wageni. Watoto watano wa kwanza wa misheni ile walikuwa wametolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa Askofu Tozer na Sayyid Majid mwaka 1864. Miongoni mwa vijana wa mwanzo kabisa alikuwapo John Swedi, ambaye mwaka 1879 alifanywa shemasi, na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtoto wa Kiyao aliyeokolewa utumwani, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Huko Unguja, Kiungani walisomeshwa wavulana na Mbweni wakawekwa waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, nao waliandikwa: jina, kabila, umri wa kukadiria. Walimu waliotoka Kiungani walitumwa hata Bonde, wakaoa huko, wakazaa huko, na wajukuu zao leo ni Wabondei wasio na shaka.

Upande wa bara nako utumwa uliacha karatasi. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watumwa, na watoto wote waliozaliwa tangu mwanzo wa mwaka 1906 wakahesabiwa kuwa huru, ila utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria hata mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kule Pangani, ambako mashamba ya miwa kando ya mto yalilimwa na mikono ya watumwa, sijui ni nyumba ngapi zisizoguswa na habari hii kwa upande wa bwana au wa mtwana, na aghalabu kwa pande zote mbili. Nasaba ya kubuni ni rahisi, haina gharama wala haimuumizi mtu siku ya harusi; lakini mtu aliyetekwa ziwani Nyasa akiwa na miaka minane, akavuka bahari, akajifunza kusoma, akafa mwalimu wa watu katika kijiji cha Bonde, ana heshima iliyo juu ya heshima ya sultani wa kuwaziwa. Kumficha ili tupate nafasi ya kumwingiza Mshirazi mmoja zaidi katika ukoo ni kumtendea dhuluma ya pili.

Sisemi kuwa daftari linajua kila kitu. Lilimwandika aliyekwenda kanisani na kumwacha asiyekwenda, kama lilivyofanya kwao, ambako wasiokubaliana na kanisa la mfalme hawamo katika kurasa za parishi na hutafutwa kwingine. Liliandika tarehe ya ubatizo, na kwa mtu mzima tarehe hiyo haisemi alizaliwa lini. Hapo itabidi kumwuliza mzee kama marehemu alikuwa amekwisha tahiriwa wakati wa njaa ile kubwa ya mwaka 1898 na miaka iliyofuata, au kama aliwahi kuwaona Wajerumani wakiingia, na kuyaweka maneno ya mzee kando ya maandishi ya padri. Hata Waingereza wana taabu yao ya kalenda, kwani kabla ya mwaka 1752 mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, na mtoto aliyezaliwa Februari huonekana ameandikwa katika mwaka ambao sisi tungeuita uliopita. Ikaja vita ya 1914, wamishonari Waingereza wakawekwa kizuizini na Wajerumani, walimu wenyeji wakafungwa na kuteswa kwa kudhaniwa wapelelezi. Mtafutaji akikuta pengo katika miaka hiyo asimlaumu karani.

Kwa upande wa mawe hatuna pa kukimbilia. Tongoni yako makaburi ya kale zaidi ya 40, mengi yake yana nguzo ndefu zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, na wageni huyapiga picha wakashangaa. Lakini aliyelala chini ya kila nguzo ni nani, makaburi mengi hayasemi. Wala serikali hazikutusaidia sana. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Tanganyika mwaka 1920, ila kwa muda mrefu haikuwalazimisha Waafrika walio wengi, na ndiyo sababu hata leo mzee anayeomba cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa huambiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, alete ushahidi, na mojawapo ya ushahidi unaokubaliwa ni cheti cha ubatizo. Yule asiyekuwa na hamu yoyote ya kujua jadi yake atajikuta analihitaji daftari siku ya mirathi.

Je, daftari hizi ziko katika hali gani? Barua, taarifa na majarida ya misheni yaliyokwenda Uingereza yapo salama Oxford, katika maktaba ya Bodleian, ambako mtafiti mwenye nauli na visa hukaribishwa kwa adabu. Sehemu ya nyaraka za misheni imo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na mafaili ya utawala wa Kijerumani yapo Dar es Salaam. Lakini daftari la mtaa, lile lililo karibu kuliko yote na mkulima, kwa asili yake hukaa mtaani, katika kabati la ofisi ya padri au la katekista, na hewa yetu ya pwani, mchwa wetu na paa letu linalovuja vinajulikana. Karatasi ya mwaka 1890 iliyokaa Muheza si sawa na ngozi ya mwaka 1598 iliyokaa katika baridi ya Norfolk. Haitangoja karne nne.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na wala si ya gharama kubwa. Mwaka 1978 Kanisa la Uingereza lilijitungia sheria kwamba daftari zilizopita miaka 100 zitoke parishini, ziwekwe katika nyumba ya nyaraka ya dayosisi, isipokuwa parishi ithibitishe kuwa inaweza kuzitunza ipasavyo. Dayosisi ya Kianglikana ya Tanga, yenye makao Korogwe, ingeweza kuifuata njia hiyo kwa hatua mbili. Kwanza kila daftari lililofungwa, kabla halijahamishwa popote, lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, kazi ambayo kijana mwenye simu nzuri, meza na mwanga wa dirisha aweza kuifanya chini ya uangalizi wa padri. Nakala moja ibaki mtaani, ya pili iende Korogwe, na ya tatu ikabidhiwe Nyaraka za Taifa. Kisha daftari zilizozidi miaka 100 zifunguliwe kwa yeyote anayetafuta jadi yake, awe Mkristo au Mwislamu, kwa ada ya kiasi na risiti mkononi. Walutheri wa milimani, ambao misheni zao za Kijerumani za Mlalo na Vuga ziliandika vile vile, wana kazi kama hiyo. Na makadhi na maimamu wetu wenye daftari za ndoa za wazee wao wasijione wamesamehewa.

Wako watakaosema kuwa mambo ya ubatizo na ndoa ni siri za watu, na kwamba kufungua kurasa ni kufungua aibu. Ndiyo maana ya miaka 100: aliye hai asisumbuliwe, na aliyekufa apate kujulikana na watoto wake. Wengine watasema daftari ni mali ya kanisa, na hilo silikanushi. Ufunguo mmoja ukae kwa padri, lakini Waingereza wenyewe, tangu siku za Henry, hawakumwachia padri ufunguo wote.

Na wewe msomaji, ikiwa una bibi au babu aliye hai Muheza, Korogwe, Mkinga au Pangani, usingoje dayosisi wala serikali. Mwulize juma hili majina ya wazazi wa wazazi wake, wa kike kwa wa kiume, kijiji walichozaliwa, mtaa waliobatizwa au msikiti waliosalia. Yaandike yote kwa tarehe na kwa jina la aliyekusimulia, kisha nakala ya pili mpe ndugu yako asiyekaa nyumba moja nawe.